Oili ya giaboksi ya otomatiki: nibadilishe mwenyewe au nisiiguse?

SpanaKumi

Wakuu salaam. Nina swali ambalo kila nikiliuliza napewa majibu mawili yanayopingana, na sasa nataka kufikia uamuzi.

Gari ni Toyota Corolla ya 2004, otomatiki ya gia nne, injini ya petroli. Nimeinunua mkononi kwa mtu, mita inasoma kilomita 146,000 na ushee. Aliyeniuzia alinipa risiti za oili ya injini na za breki, lakini ya giaboksi hakuna hata moja. Alisema wazi kwamba hajui kama iliwahi kubadilishwa.

Nilichomoa stiki ya giaboksi nikaifuta kwa karatasi nyeupe. Wekundu umefifia, rangi imeelekea kahawia, ila ukiiweka karatasi kwenye mwanga bado wekundu unaonekana kwa mbali. Haina harufu ya kuungua. Kipimo kiko katikati ya zile alama mbili za moto, yaani za kupimia oili ikiwa imepata moto. Kwenye stiki yenyewe pameandikwa T-IV, ambayo ni aina ya oili ya otomatiki ya Toyota.

Tabia yake barabarani: asubuhi ikiwa baridi, inapotoka gia ya kwanza kwenda ya pili kuna mshtuko mdogo. Ikishapata moto inatulia kabisa. Haitelezi, haichelewi kushika ukiweka D wala R, na milima inapanda bila kulalamika.

Fundi wa kwanza aliniambia nisiiguse oili hiyo, kwamba ikibadilishwa tu giaboksi inakufa. Wa pili akasema nimwachie aisafishe kwa mashine, ya zamani itoke yote iingie mpya. Mimi oili ya injini nabadilisha mwenyewe, pedi za breki pia. Nina jeki, stendi nne, spana zangu na spana ya torki. Kulala chini ya gari hakunipi shida. Kinachoninyima amani ni kuharibu kitu ambacho sasa hivi kinafanya kazi.

Kwa hiyo naomba msaada: nibadilishe au niache? Nikibadilisha, nifungue sampu (lile beseni la oili lililo chini ya giaboksi) nitoe na filta, au nimwage tu kwa nati ya chini? Na je, mahali pa T-IV naweza kuweka WS, aina nyingine ya oili ya Toyota, maana ndiyo naiona kila mahali?

MlimaWaTatu

Mkuu, mimi ningeacha. Shemeji yangu alikuwa na gari inayotembea vizuri, ila ukiweka rivasi ilikuwa inasubiri kidogo ndiyo ishike. Akashauriwa abadilishe oili ya giaboksi. Haukupita muda mrefu ikaanza kuteleza, injini inapanda mzunguko gari haiendi, mwisho ikagoma kabisa. Fundi aliyeifungua alisema oili ya zamani ndiyo iliyokuwa inazisaidia pleti kushika, kwa sababu ya ule unga uliomo ndani yake. Oili mpya ikaosha kila kitu. Kama yako inatembea, iache itembee.

GiaTaratibu

SpanaKumi, mimi kazi yangu ni giaboksi. Zinakuja kwangu zikiwa zimeshakufa, nazifungua mezani, nahesabu kilichobaki. Jibu langu kwako ni: badilisha, na unaweza kuifanya mwenyewe. Lakini kwa gari ya shemeji yake MlimaWaTatu nisingesema hivyo, na tofauti ya gari hizo mbili ndiyo kiini cha swali lako, kwa hiyo nivumilie niieleze.

Ndani ya otomatiki ya gia kama yako kuna mafungu ya pleti. Pleti ya chuma kitupu, kisha pleti iliyobandikwa tabaka la kushika linalofanana na karatasi ngumu, kisha chuma tena, hivyo hivyo, zote zimelowa oili. Gia inapoingia, valvu inafungulia oili yenye presha, oili inasukuma pistoni, pistoni inabana fungu la pleti. Oili hiyo hiyo inalainisha bearingi, inabeba joto kwenda kupozwa kwenye rejeta, na ndani ya torki konveta ndiyo inayohamisha nguvu ya injini kuingia kwenye giaboksi. Juu ya hayo imetiwa dawa za kurekebisha msuguano, ili pleti zinapobana ziteleze kidogo kwa kipimo halafu zishike, bila kugonga na bila kutetemeka. Dawa hizo zinachakaa, na kinachozichakaza zaidi ni joto: mizigo mizito, milima mirefu, foleni, kuvuta tela. Ndiyo maana gari mbili za kilomita sawa zinaweza kuwa na oili za hali tofauti kabisa.

Sasa hadithi ya oili mpya kuua giaboksi. MlimaWaTatu hajatunga, mimi mwenyewe nimeletewa magari ya aina hiyo. Lakini soma tena alivyoandika: rivasi ilikuwa tayari inachelewa kushika. Hapo tabaka la pleti lilikuwa limeshaliwa, au sili za pistoni zilikuwa zimekauka na presha inavuja. Tabaka likiisha halirudi kwa oili yoyote. Watu wengi hawakumbuki oili ya giaboksi mpaka gari ianze kuteleza, wanabadilisha wakiwa wamechelewa, giaboksi inakufa kama ilivyokuwa inaelekea kufa, na lawama inaiangukia oili mpya. Ni kweli kwamba pleti zilizokwisha zinaweza kupata mshiko kidogo kutokana na unga ulio kwenye oili chafu, na ukiutoa unga huo mwisho wake unakuja mapema. Ila hiyo ni giaboksi iliyokuwa ikihesabu siku zake. Oili mpya ya aina sahihi haili pleti nzima.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana mtu ajiulize hali ya giaboksi ikoje leo. Ukiweka D au R, je, inashika mara moja? Ukikanyaga mafuta, mzunguko wa injini unapanda pamoja na mwendo, au injini inakimbia peke yake? Oili ina harufu ya kitu kilichoungua? Ni nyeusi? Ukiisugua kati ya vidole unahisi mchanga? Kama majibu ni mabaya, kubadilisha oili ukitumaini itapona ni kupoteza oili. Ipimwe kwanza na mtu wa giaboksi. Na kama oili ni ya waridi yenye ukungu kama maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani, gari isiwashwe tena mpaka chanzo kijulikane, kwa sababu maji yanabandua tabaka la pleti.

Yako haina hata kimoja cha hivyo. Kahawia yenye wekundu, bila harufu, inashika vizuri: hiyo ni oili iliyochoka ndani ya giaboksi nzima. Hii ndiyo hali bora ya kubadilisha. Ukisubiri mpaka iwe nyeusi utakuwa umeingia kundi la shemeji.

Mshtuko wa asubuhi sikuahidi kwamba utaisha. Unaweza kuwa ni oili, unaweza kuwa ni mounti ya injini (kile kishikizo chenye mpira kinachoifunga injini kwenye bodi) iliyolegea, na baadhi ya magari huvuta gia ya kwanza kwa nguvu zaidi yakiwa baridi. Usibadilishe oili kwa ajili ya mshtuko huo. Badilisha kwa sababu ina kilomita nyingi na historia yake haijulikani.

Kuhusu mashine. Nati ya chini haimwagi oili yote. Sehemu kubwa inabaki kwenye torki konveta, kwenye mabomba ya kupozea na kwenye mifereji ya valvu bodi, ile sehemu inayogawa oili kwenda kwenye kila gia. Tuchukue mfano wa giaboksi yenye lita 7 ambayo ukifungua nati zinatoka 3. Ukimwaga na kujaza mara moja, mpya ni asilimia 43. Tembea nayo, rudia, inafika 67. Ya tatu inafika 81. Kwangu hiyo inatosha sana, na uzuri wake ni kwamba mabadiliko yanakuja polepole, na kila ukimwaga unapata nafasi ya kuangalia kinachotoka. Kuna mashine nzuri zinazopokea oili inayosukumwa na pampu ya giaboksi yenyewe na kurudisha mpya kwa kiasi kile kile, hizo sizipingi. Ninazozikataa ni zile zinazosukuma kwa presha ya nje pamoja na dawa ya kuoshea. Dawa ile haitoki yote, na uchafu uliokuwa umetulia mahali pasipo na madhara unaweza kuhamia kwenye valvu ndogo na solenoidi, yaani valvu zinazoendeshwa kwa umeme. Kwenye giaboksi isiyo na historia, hapana.

Sampu: kwa kuwa hujui ilikotoka, mimi ningeifungua mara moja, ila si lazima iwe siku ya kwanza. Faida kubwa ya kuifungua ni sumaku zilizo chini yake. Utazikuta zimevaa tope la kijivu, laini kama grisi. Hilo ni la kawaida, ni chuma kilichosagika kwa miaka. Ukikuta vipande vinavyoonekana kwa macho, vyenye ncha, au magamba meusi ya tabaka la pleti, picha imebadilika na ni heri umejua sasa. Ukifungua, badilisha filta na gasketi kwa pamoja. Bolti za sampu ni ndogo, kwenye Toyota nyingi zinabanwa kwa nyutoni mita 7 au 8 tu, kwa hiyo spana yako ya torki ni lazima iwe ndogo inayosoma huko chini. Ile ya nati za matairi itakukatia bolti ndani ya alumini. Usipake silikoni juu ya gasketi. Inayobaki ndani inamenyeka na kwenda kuziba filta.

Aina ya oili: stiki imeandikwa T-IV, weka T-IV. WS ni nyepesi zaidi, ilitengenezewa giaboksi zilizokuja baadaye, na Toyota hawaziruhusu zibadilishane nafasi. Oili ya kampuni nyingine ambayo kwenye chupa imetaja T-IV kwa jina sina neno nayo. Ile inayosema tu inafaa otomatiki zote, iache dukani. Hata chupa za Dexron III zichunguze, kwa sababu General Motors waliacha kutoa leseni ya kiwango hicho mwishoni mwa 2006. Kinachoandikwa hivyo leo ni neno la mtengenezaji wa chupa, hakuna anayemkagua. Na mwenye gari ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, anayesoma hapa asidhani namzungumzia yeye. Mkanda wa chuma unaokimbia kati ya puli mbili unahitaji oili yake, NS-2, NS-3, HCF-2 au yoyote iliyotajwa na kitabu cha gari yake. ATF, yaani oili ya otomatiki ya kawaida, inaiharibu.

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo hasa linaloua giaboksi za watu waliobadilisha wenyewe. Kumwaga kila mtu anaweza. Kazi ngumu ni kipimo. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa, presha inashuka, pleti zinateleza na kuungua. Ikizidi, gia zinazozunguka zinaipiga mpaka inatoa povu, na povu ni hewa tena, presha inashuka vilevile, na oili inatafuta njia ya kutokea kwenye tundu la kupumulia. Oili ya giaboksi pia inavimba ikipata moto, kwa hiyo kipimo bila kujua joto lake hakina maana.

Wewe una stiki, shukuru. Fanya hivi. Kabla ya yote hakikisha gari yako inajazwa kwa tundu la stiki. Nyingine zina nati ya kujazia pembeni, na hiyo lazima ifunguliwe kabla ya ile ya chini, maana ikigoma wakati umeshamwaga, gari imekwama hapo ilipo. Gari iwe tambarare juu ya stendi zote nne, usilale chini ya jeki hata kidogo. Oili iwe vuguvugu, isiwe ya moto, maana moto wake unachuna ngozi. Hakikisha nati unayofungua ni ya giaboksi na si ya injini. Ikamwagikie kwenye beseni safi, kisha ihamishie kwenye chupa zenye alama za lita na uandike kiasi kilichotoka. Rudisha kiasi hicho hicho kwa faneli yenye shingo nyembamba ndefu. Usafi hapa ni wa chumba cha upasuaji: kitambaa kisichoacha nyuzi, faneli isiyowahi kupitisha kitu kingine.

Halafu washa, mguu kwenye breki, pitisha gia zote taratibu kutoka P mpaka ya mwisho na kurudi P, ukae kidogo kwenye kila moja. Angalia alama za baridi kwanza ujue hujakosea sana. Nenda ukaizungushe gari mpaka ipate moto kamili, rudi mahali tambarare, pitisha gia tena, injini ikiendelea kuunguruma chomoa stiki, futa, ingiza mpaka mwisho, chomoa, soma alama za moto. Hiyo ni ya Toyota yako. Honda zenye stiki zinapimwa injini ikiwa imezimwa muda huo huo, kwa hiyo mtu asichukue maelezo ya gari moja kupeleka kwenye nyingine.

Oili chafu ifunge kwenye dumu upeleke wanakopokea oili zilizotumika. Isiende kwenye mtaro wala ardhini.

DiraKuu

Nakubaliana na GiaTaratibu, na naongeza upande wa pili kwa ajili ya wenye magari yasiyo na stiki, maana mimi nilifikiria kufanya mwenyewe nikaamua kumpelekea fundi, na sababu zangu zinaweza kumsaidia mwingine kuamua.

Yangu ni otomatiki ya gia sita, imefungwa kabisa. Kitabu cha matengenezo hakina mahali palipoandikwa ibadilishwe lini, kinasema tu ikaguliwe. Nilipouliza niliambiwa oili hiyo ni ya maisha. Nikajiuliza maisha ya nini, ya gari au ya muda wa dhamana? ZF, ambao ndio wanaotengeneza giaboksi za magari mengi ya Ulaya, wanashauri oili yao ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Mtengenezaji wa giaboksi akisema hivyo, mimi namsikiliza yeye.

Shida yake ni kipimo. Chini kuna nati, na ndani ya tundu lake kuna mrija mfupi uliosimama. Unajaza oili zaidi ya inayohitajika, unawasha injini, unapitisha gia, unasubiri oili ifike joto lililotajwa, kwa gari yangu ni kati ya nyuzi 35 na 45, ndipo unafungua nati hiyo injini ikiwa inaunguruma. Ya ziada inamwagika kupitia mrija. Ikianza kudondoka tone tone, unafunga. Ukifungua injini ikiwa imezimwa inamwagika nyingi kuliko inavyotakiwa, kwa sababu pampu haizungushi oili na kiasi kilichokuwa juu kimeshuka. Ukifungua ikiwa imepata moto kupita kiasi, oili imevimba, inamwagika ambayo ingetakiwa kubaki.

Joto hilo huwezi kulikisia kwa mkono. Inabidi skana inayosoma joto la oili ya giaboksi, si la maji ya injini. Na wakati wote huo gari iko hewani, imenyooka, injini inawaka, wewe uko chini karibu na bomba la moshi. Mimi sikuwa na skana wala mahali pa kuinyanyua gari ikae sawa. Nikatafuta fundi mwenye vyote viwili, nikamnunulia oili mwenyewe ya namba iliyo kwenye kitabu, nikasimama pale nikiangalia namba za joto kwenye skrini yake. Hilo la kusimama na kuangalia nawashauri wote, hata kama kazi anafanya mwingine. Fundi mzuri hakatai.

SpanaKumi, wewe una stiki na una vifaa. Ningekuwa na yako ningefanya mwenyewe.

SpanaKumi

Nawashukuru kwa kunipa muda wenu. GiaTaratibu, nimesoma maelezo yako na kurudia. Nimeshaamua: nitamwaga na kujaza kwa nati ya chini, T-IV, na sampu nitaifungua awamu ya pili nikiwa na filta na gasketi mkononi.

Mambo mawili bado. Nikichomoa stiki ikiwa moto, upande mmoja oili inasoma juu karibu na alama ya mwisho, nikiigeuza upande wa pili inasoma chini kidogo. Nifuate upi? Na kati ya awamu ya kwanza na ya pili niache kilomita ngapi?

MlimaWaTatu

Nami nimeelewa sasa kwa nini ya shemeji ilikwenda vile. Naomba kuuliza kwa niaba ya wengine: mtu ambaye gari yake tayari inachelewa kushika, asiguse kabisa? Akae tu asubiri ife?

GiaTaratibu

SpanaKumi, fuata upande unaosoma chini. Stiki inapotoka inapangusa kuta za bomba lake, na bomba lina oili iliyoganda pembeni, hasa ukiwa umetoka kujaza. Upande mmoja unajipaka. Ndiyo sababu baada ya kujaza unatakiwa usubiri kidogo bomba lijichuje, na kama mistari haieleweki, chomoa, futa, rudia mpaka usomaji ufanane. Tofauti kati ya alama ya chini na ya juu ni oili kidogo tu, kwa hiyo ukiwa unaongeza, ongeza kidogo kidogo. Kuitoa iliyozidi ni kazi kuliko kuiongeza.

Kati ya awamu na awamu hakuna namba takatifu. Oili inachanganyika ndani ya safari moja ya kawaida, mradi torki konveta imezunguka na gia zote zimeingia. Wengine wanafanya zote wikiendi moja. Mimi napenda mtu aitembelee gari wiki kadhaa, aone tabia yake, ndipo arudie. Kama kuna kitu kimebadilika kuwa kibaya, utakijua ukiwa bado na oili ya zamani kiasi fulani ndani, na utakuwa hujatumia chupa zote.

Jambo moja zaidi, washa ya nati ya chini, ile pete inayozuia kuvuja, weka mpya. Ile ya zamani imeshabonyezwa ikachukua umbo la kubanwa mara ya kwanza, na ikianza kuvuja tone tone utashawishika kukaza nati kupita kiasi mpaka nyuzi za sampu zikatike.

MlimaWaTatu, swali lako ni zuri na hapana, asikae tu. Aanze na kipimo. Nimeletewa gari za kufunguliwa ambazo zilikuwa na upungufu wa oili tu, sili ya ekseli ilikuwa inavuja polepole na hakuna aliyeangalia. Kuchelewa kushika ni dalili ya kwanza kabisa ya oili iliyopungua, na ikigunduliwa mapema inaponyeka kwa kuziba panapovuja na kuongeza oili sahihi. Kama kipimo kiko sawa, aunganishe skana asome hitilafu zilizohifadhiwa, kwa sababu solenoidi moja iliyokwama inaweza kuleta tabia ile ile, na solenoidi inabadilishwa bila kushusha giaboksi kwenye magari mengi. Baada ya hapo ndipo sampu ifunguliwe kuangalia sumaku na uchafu. Kama sumaku ni safi na hakuna magamba ya pleti, mtu anaweza kuweka oili na filta mpya akiwa na matumaini ya haki. Kama magamba yapo, aambiwe ukweli kwamba ni kufungua giaboksi au kutafuta nyingine, na aache kuitembeza safari ndefu, maana kila pleti inapoteleza inaunguza na ya jirani yake.

Ninachokataa ni ile njia ya kuruka hatua zote hizo na kumwaga oili kwanza.

SpanaKumi

Narudi na matokeo. Imemwagika lita 2.9, rangi ya chai nzito, bila harufu, bila chembe. Nati ya chini ya giaboksi yangu haina sumaku kwa hiyo hapo hakuna cha kusoma. Nimerudisha 2.9 ya T-IV, nikapitisha gia zote, alama za baridi zikakubali. Baada ya kuizungusha mpaka moto, upande wa chini wa stiki ulisoma chini kidogo ya katikati, nikaongeza kidogo sana, sasa iko katikati. Wekundu umeanza kurudi kwenye karatasi. Mshtuko wa asubuhi bado upo, labda umepungua, sina uhakika nao. Nimekagua mounti ya injini iliyo upande wa giaboksi, mpira wake una ufa unaoingia kidole.

GiaTaratibu

Basi mshtuko wako uko hapo. Badilisha mounti kabla ya awamu ya pili ya oili, ili ukifungua sampu uwe unajua giaboksi inavyojisikia bila kelele ya kitu kingine. Na leo usiku weka kadibodi chini ya nati, uiache hapo usiku kucha, asubuhi uone kama washa imeshika.